Boti iliyofuta Wasukuma wote: kisa cha grupu la wafugaji Dodoma

Hii ishu imetokea kwenye grupu moja la Telegram la wafugaji na wachuuzi wa mifugo hapa Dodoma, jina la grupu naliacha maana watu bado wamo mle na bado wanauziana. Wamo wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Chemba, wamo wa Singida wanaoshusha mbuzi mnadani Msalato kila Jumamosi, wamo Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao zamani tu, mabwana mifugo kadhaa, na vijana wa chuo ambao mfugo wao pekee ni simu. Niliombwa na maadmini niipitie logi, yaani kumbukumbu, ya boti yao (programu ya kusimamia grupu, sio ile boti ya Zanzibar) niwaambie tatizo liko wapi. Kilichomo kwenye logi ni kichekesho mpaka unafika mahali kicheko kinakata.

Chanzo ni dili la dume. Mnunuzi katuma advansi, dume limefika limekonda kuliko la kwenye picha, wakaanza kurushiana maneno toka asubuhi, jioni mmoja akamtukania mwenzie mama. Sio tusi la kuzuga, lile zito lenyewe, mbele ya wamama wanaouza maziwa na mzee wa kanisa ambaye alikuwa ametoka tu kutuma mstari wa Biblia. Watu wakaanza kulefti. Admini mmoja, kijana anayejua mambo ya kompyuta, akasema wazee msihangaike, naweka boti, ikiona tusi inafuta, mtu akifutiwa mara tatu anamyutiwa, yaani hawezi kuandika, siku nzima. Wazee wakasema Mungu akubariki mwanangu.

Kijana akachukua listi ya matusi ya Kiingereza iliyo tayari huko intaneti, akaongeza ya Kiswahili aliyoandika na washkaji zake, nasikia hiyo kazi ilikuwa na vicheko vingi, halafu akaiseti hivi: neno la kwenye listi likionekana popote ndani ya meseji, hata katikati ya neno jingine, meseji inaondoka. Hapo kwenye "hata katikati ya neno jingine" ndo balaa lilipoingilia.

Kesho yake mtu wa Bahi kaandika "dume lipo, laki nane, mwenyewe analeta mpaka mnadani". Imefutwa. Karudia. Imefutwa. Mara ya tatu kamyutiwa. Kosa lake ni "analeta", zisome herufi nne za mwanzo kwa macho ya Mwingereza utaelewa. Kwa hiyo analeta, analipa, analisha, analima, zote kwaheri, sasa niambie soko gani la mifugo litaenda bila mtu kuandika analipa. Aliyeuliza dawa ya kufagia viroboto bandani naye kafutwa, herufi tatu za katikati ya "kufagia" kumbe huko kwao ni tusi la kuwadhalilisha mashoga. Aliyetishia kwenda kufungua mashitaka kafutwa. Akina Hassani wote wakawa hawatajiki, maana yake hata jina la Rais ukiliandika kamili haliingii, na Bibi Titi Mohamed pamoja na heshima yake yote kwenye kupigania uhuru naye haingii.

Hiyo ni listi ya Kiingereza tu. Ya Kiswahili ilifanya makubwa zaidi. Lile tusi la herufi nne linaloanza na k, siliandiki, limelala ndani ya "Wasukuma". Limelala ndani ya kusukuma, ndani ya kumaliza, kumalizia, kumalizana, ndani ya sukumawiki. Mtu kaandika "sisi Wasukuma tunataka kumaliza hii biashara leo" kajikuta ana matusi mawili kwenye sentensi moja. "Utakosa mwana na maji ya moto" imefutwa, tafuta mwenyewe kilichojificha kwenye utakosa. "Tusubiri bei ishuke" imefutwa. "Tumekumbwa na ukame" imefutwa kwa sababu ndani yake kuna mbwa, na kwa hesabu hiyohiyo ile sentensi yangu ya juu ya "niliombwa" isingepita. Mchuuzi mmoja wa Sengerema alikuwa hawezi hata kusema anatokea wapi.

Kosa la aina hii sio la Dodoma wala sio la jana. Mwaka 1996 kampuni ya AOL ilikataa watu wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza wasifungue akaunti, sababu jina la mji wao lina tusi katikati, na mpaka leo watu wa kompyuta wanaliita tatizo la Scunthorpe. Dawa waliyopata wenzetu ni rahisi, unaiambia programu itafute neno zima lenye nafasi huku na huku, sio kipande. Kijana wetu naye siku ya pili akafanya hivohivo baada ya kelele kuzidi, na hapo ndo alipogundua kwamba Kiswahili hakikai hivyo. Neno letu linabeba kila kitu mgongoni, nani, lini, kwa nani, kukanusha, kutendwa, vyote vimeshikana. Ukizuia "mpumbavu" peke yake, wapumbavu, upumbavu, kipumbavu, mapumbavu wanapita wameshikana mikono. Na kitenzi cha matusi ndo usiseme, ukihesabu nafsi, nyakati na kauli zote, ni mamia ya sura na zote hazifanani mwanzo wala mwisho. Ukitafuta kipande unafuta Wasukuma, ukitafuta neno zima matusi halisi yanapita. Ni kuchekecha uwele kwa chekeche la mahindi.

Ila madhara ya hizo siku mbili hayakuwa ya kiufundi. Wale jamaa wa Kisukuma hawakujua habari ya vipande vya maneno, walichoona ni kwamba kila wakitaja kabila lao meseji inapotea, na kila Mgogo akitaja lake inabaki. Mmoja wao, mzee wa watu mpole tu, akaandika kwa ujanja "Wasuk.uma" ili ipite, akauliza, "Hivi kabila letu ndo limekuwa tusi humu ndani?" Hakuna aliyemjibu kwa muda mrefu. Kijana alikuja kueleza baadae lakini maelezo ya kitaalamu kwa mtu aliyeshajiona amedharauliwa yanaonekana kama kisingizio. Wapo waliolefti hapo na hawajarudi, na walikuwa ndo wenye ng'ombe wengi.

Sasa tuje kwa mabwana mifugo. Hawa kazi yao inatumia maneno ambayo kwa mtoto wa mjini ni matusi matupu. Kiwele kina chuchu nne, zinakaguliwa moja moja, ikiwa moja imevimba na maziwa yana mabonge huo ni ugonjwa wa kiwele. Kuhasi ni habari ya pumbu, hakuna namna ya kuzunguka. Ng'ombe akizaa kondo lisipotoka unauliza uchafu unaotoka kwenye uke una harufu gani. Yote hayo yalikuwa kwenye listi. Bwana mifugo mmoja akaanza kuandika "zile nne za chini" na "sehemu zake za nyuma", wafugaji wanauliza nyuma wapi, mkiani au wapi, unakuta swali la dakika moja linachukua asubuhi nzima na mnyama anaumia. Cha kushangaza wamama hawakuwa wamelalamikia hayo maneno hata mara moja. Mama anayekamua kila siku saa kumi na moja alfajiri haoni haya kusikia chuchu ya ng'ombe, walioona haya ni vijana waliokuwa wanatengeneza listi. Neno ni lilelile, kwa mfugaji ni kazi na kwa asiyefuga ni aibu, na aliyepewa kukata shauri ni asiyefuga.

Kuna la nguruwe, na hapa nataka nikae kidogo maana hili ni gumu kweli na sioni kwamba kuna mjinga ndani yake. Kondoa kuna Waislamu wengi, na kwenye grupu wapo wengi wa huko, wa mbuzi na kondoo na ng'ombe. Na Dodoma mjini kitimoto inaliwa hasa, kwa hiyo wafugaji wa nguruwe nao ni wengi na wana hela. Mama mmoja wa Kondoa, anafuga mbuzi wa maziwa, aliandika kwa adabu sana: "Wanangu, mimi sina ugomvi na riziki ya mtu, ila mwezi wa Ramadhani nafungua simu nakutana na picha ya kitimoto inachuruzika mafuta, mjukuu wangu anaangalia, mnisitiri." Hakutukana mtu, hakuomba watu wafukuzwe. Kijana kwa kutaka kumheshimu bibi akaongeza "nguruwe" na "kitimoto" kwenye listi.

Wafugaji wa nguruwe hawakugoma, waliingia chini ya meza, wakawa wanasema "mdudu" kama wanavyosema mtaani. Hapo ikaanza tafrani nyingine, mtu anaandika mdudu wangu hali chakula toka jana anajibiwa aoshe banda kwa dawa ya kupe. Watu walicheka, sawa. Lakini kulikuwa na meseji moja kwenye logi ambayo mimi sikucheka. Bwana mifugo alituma tahadhari ya homa ya nguruwe ya Afrika, ule ugonjwa ambao hauna tiba, ukiingia bandani unaweza kukomba wote, na kinga yake ni kuzuia watu na mabaki ya vyakula yasizunguke kutoka banda hadi banda na kutohamisha wanyama. Tahadhari ndefu, nzuri, imeandikwa kwa lugha ya kueleweka. Imefutwa sekunde ileile. Na picha za kitimoto ziliendelea kuja kama kawaida, maana boti ile inasoma maandishi tu, picha haioni. Kwa hiyo kilichomuudhi bibi kilibaki na kilichomuokoa mfugaji kikaondoka.

Mi naona hapo ndo kuna kosa ambalo hata listi nzuri kiasi gani isingelitibu. Alichoomba yule mama hakikuwa "hili neno ni baya", alichoomba ni "mimi kwenye simu yangu nisikione hiki". Hayo ni maombi mawili tofauti kabisa. Tusi la kumtukania mtu mama yake ni la kuondoa kwa wote, hakuna anayelihitaji. Nguruwe ni suala la nani anataka kuona nini, na ukilitatua kwa kumfutia kila mtu umemfanya jirani alipe kwa ajili ya dini ya jirani yake, kitu ambacho Dodoma hatuna desturi nacho, tunachinja tofauti na tunakaa meza moja. Mitandao mingine ilishaliona hili, Twitter toka mwaka 2016 ilikuruhusu umyuti maneno usiyotaka kuyaona wewe bila kumgusa mtu mwingine, Instagram mwaka 2021 wakaleta kitu kama hicho kwenye meseji. Kwenye grupu lenu mnaweza kukaribia hapohapo kwa kutumia mada, Telegram waliziweka mwishoni mwa 2022, grupu moja linagawanyika vyumba, ng'ombe chumba chao, mbuzi na kondoo chao, nguruwe chao, asiyetaka anakimyuti na haingii. Ndivyo walivyofanya baadae. Bibi yumo mpaka leo, na tahadhari za homa zinafika kwa wenye mabanda.

Nimeacha utani mwisho kwa sababu ndo uliozaa ugomvi mkubwa.

Wagogo na Wahehe ni watani, hilo kila mtu huku analijua, na sio mambo ya juzi, makabila yaliyopigana na kupitishana njia ndo yaliyokuja kutaniana. Ugogo ilikuwa njia ya misafara karne ya 19, misafara ikipita inalipa hongo kwa wenyeji ndo ipate maji, kwa hiyo huku watu wa mbali walizoeana kwa kugombana kwanza. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyekaa na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika habari za utani wa Wagogo, na alichokiona yeye bado kipo. Mtani ana ruhusa ya kukuambia maneno ambayo mwingine akikuambia mnashikana mashati. Na msibani ndo kazini kwake hasa, anakuja kuvuruga kilio watu wapate kupumua.

Sasa mwana grupu mmoja, Mhehe wa Iringa anayeishi Kizota, kafiwa na baba yake. Mtani wake Mgogo kaandika: "Poleni sana wafiwa. Sisi watani tunakuja, ila tumesikia mzee kaacha mbwa watatu wanene, msije mkawapika kabla hatujafika." Kwa asiyejua kwamba Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa, huyo ni mtu wa kulaaniwa. Kwa Mhehe yule hiyo ingekuwa rambirambi ya kumfanya acheke mara ya kwanza toka apigiwe simu, aliniambia mwenyewe. Boti imefuta, kwa ajili ya mbwa. Mgogo karudia kwa maneno mengine, kafutwa tena na tena, kamyutiwa, na mfiwa akabaki anauliza watani wangu wamenisusa? Mpaka kwenye mazishi waliulizana hilo.

Wiki hiyohiyo kijana mmoja, sio mtani wa mtu humu ndani, amekuja kusoma tu, aliandika baada ya muuzaji wa Mvumi kumuomba aongeze elfu kumi kwenye bei ya beberu: "Wagogo kuomba ni kipaji, hata biasharani mnaombaomba." Hamna tusi hapo. Hamna neno hata moja lililokuwa kwenye listi yoyote. Ikakaa siku nzima, ikapata vikatuni vya kucheka. Ukitaka kujua uzito wake muulize Mgogo aliyewahi kutafuta kazi Dar akaulizwa bakuli lako liko wapi. Yule muuzaji hakujibu, alitoa tangazo la beberu wake akalefti.

Wale vijana walisema waliweka boti kali kwa kuogopa sheria, na hofu yao ninaielewa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 zipo na lugha ya matusi imetajwa. Lakini ukiisoma ile sheria ya 2015 utakuta inagusa waziwazi kumtukana mtu kwa ajili ya asili au kabila au dini yake. Kwa hiyo kama ni kuogopa, meseji ya kuogopwa ilikuwa ile ya Wagogo na kuomba iliyobaki, sio ile ya mbwa iliyofutwa.

Niliwapa maoni, mengine wameyafuata mengine hapana. Listi ya Kiingereza yote nje, hakuna mtu Msalato anayetukanana Kiingereza. Listi ya Kiswahili ikabaki maneno machache sana ambayo hayana kazi nyingine duniani, na lile la mama linakamatwa kwa tabia yake, maana karibu siku zote linakuja na mzazi wa mtu limegandishwa nyuma yake, neno moja, wakati Wasukuma na kumaliza hawana huyo mzazi. Boti haifuti tena yenyewe ila linki za ngono na za utapeli wa mikopo, na nisiinyime haki yake, kwenye linki imefanya kazi safi kabisa. Nyingine inazipeleka kwenye chumba cha maadmini, mtu anasoma. Na maadmini waliongezwa, sio vijana tu, kuna mama mmoja wa Chamwino wa makamo anayejua nani mtani wa nani kuliko ofisi yoyote ya serikali. Kwenye maneno ya kabila anaulizwa kwanza aliyeambiwa, yeye ndo anasema kama ameumia au wametaniana. Hapo kuna udhaifu, najua, kuna mtu ataumia na atasema tunataniana ili asionekane ana moyo mdogo, yule mama anasema anawapigia simu pembeni, sijui atawapigia wangapi.

Yule kijana wa "Wagogo kuomba ni kipaji" aliambiwa aombe radhi, akaandika "samahani kama kuna aliyekwazika". Wazee wakakataa hiyo, wakamwambia mtaje mtu na useme ulichosema. Akataja. Muuzaji wa Mvumi hajarudi ila beberu aliuzwa. Mzee wa Kisukuma alipigiwa simu na mzee mwenzie, shikamoo zikapita, mambo ya boti hayakutajwa kabisa, wakaongelea malisho, na Jumapili akaonekana kwenye chumba cha ng'ombe anauza.

Kinachowasumbua sasa hivi ni voisi. Watu wameshagundua boti haina masikio, kwa hiyo mwenye hasira haandiki tena, anarekodi. Juzi imeingia moja ndefu, Kinyaturu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya mtu aliyepandisha. Maadmini hakuna anayekijua. Wakawaita Wanyaturu wawili wa humohumo wasikilize, mmoja kasema haya ni matusi ya nguoni futeni haraka, mwingine kasema hapana, huyu anamsifia dume lake. Walipoondoka mjadala ulikuwa bado unaendelea baina ya hao wawili, kwa Kinyaturu, na wao pia walikuwa wanatumiana voisi.